Salamu Zisomwe Zote

Kila jioni, kabla ya kuzima kompyuta, nahakikisha kisanduku changu cha barua pepe ki tupu. Zilizojibiwa naziweka kwenye mafaili yenye majina ya wenyewe, zisizo na maana nazifuta, na ikibaki moja ambayo sijui niifanyie nini, naijibu kwa mistari miwili ili nisilale nayo. Mke wangu husema nafagia barua kama mtu anayefagia uwanja. Tabia hii nilijifunza peke yangu, kama nilivyojifunza karibu kila ninachokijua, na kwa miaka mingi niliamini kwamba hakuna njia nyingine kwa mtu mwenye akili timamu. Mwezi uliopita, nikiwa katikati ya kufagia huko, simu ililia. Alikuwa mzee mmoja wa Mutsamudu ambaye sikuwa nimepata kuonana naye. Aliniuliza hali yangu, hali ya mke wangu, ya watoto, ya mji wetu wa Ikoni, ya mvua, na kabla hajamaliza kuuliza nilikuwa nimekwisha kujua. Ma Echati amefariki. Jamaa zake wote wana anwani yangu, lakini hakuna aliyeniandikia. Kwetu visiwani kifo hakiandikwi. Kinaletwa na mdomo wa mtu mzima, na mdomo huo hauanzi na kifo.

Katika ndege ndogo ya kwenda Ouani, katika kisiwa cha Nzwani, nilijaribu kuupanga upya kichwani mwaka ule nilipomjua Ma Echati. Nzwani ilikuwa imejitenga, serikali ya Moroni imezuia meli zisiende huko, na simu kati ya kisiwa hicho na chetu, Ngazija, zimekatwa. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, karani wa Bwana Msaidie, mfanyabiashara wa saruji na mabati mwenye duka karibu na bandari ya zamani ya Moroni. Chumba changu kilikuwa juu ya duka. Kilinuka saruji, kahawa, na plastiki ya kompyuta iliyopata moto. Kompyuta yenyewe ilikuwa imetoka Marseille, na mke wa Bwana Msaidie aliifunika kwa kitambaa cha mezani alichokidarizi mwenyewe, kwa hiyo kila asubuhi nilianza kazi kwa kumvua mgeni nguo yake. Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kifaransa. Nilikisoma chote nikiwa na kamusi, ukurasa baada ya ukurasa, hata sehemu zinazohusu mitambo tusiyokuwa nayo. Kazi yangu ilikuwa kupeleka maagizo ya bidhaa na kupokea majibu, na wakati huo watu waliokuwa na barua pepe Moroni walikuwa wachache kiasi kwamba tulijuana kwa nyuso.

Wanzwani walianza kupanda ngazi zetu kwa sababu ya mtu mmoja aitwaye Nassuri. Alikuwa karani wa wakala wa saruji kule Maore, kisiwa jirani kilichobaki chini ya Ufaransa, lakini kwao Mutsamudu. Siku moja, chini ya bei za saruji, aliongeza mistari michache kwa ajili ya shangazi yake, Ma Echati, aliyekuwa amekuja Moroni kutibiwa macho na kukwama pale meli ziliposimama. Barua za mkono zilitoka Mutsamudu kwa boti ndogo hadi Maore, Nassuri akaziandika upya kwenye kompyuta ya kazini, nasi tukazipokea. Habari ikaenea. Bwana Msaidie, ambaye ni Mngazija kama mimi na hakuwa na jamaa hata mmoja Nzwani, alinung'unika siku tatu kisha akaweka kiti cha pili mbele ya kompyuta. Aliweka na sharti moja. "Barua ya mtu haifunguliwi mwenyewe asipokuwepo. Hata nikikuomba mimi, kataa."

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba watu hawasomi barua pepe kwa namna moja. Mwalimu Toihiri, Mnzwani aliyefundisha hesabu katika shule moja ya mjini, hakutaka hata kuangalia kioo. Aligeuza uso dirishani mpaka nichapishe, akakunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akaenda kuisoma ndani ya teksi. "Habari ya nyumbani haisomwi mahali penye saruji," alisema. Bwana Msaidie alisoma ya mwisho tu. Zikija tano kutoka kwa mtu mmoja, alifungua ya tano na kuniamuru nifute nne. "Ya mwisho imeshazimeza nyingine," alikuwa akisema. "Kama kuna jambo kubwa, atalirudia." Mimi nilisoma zote kwa haraka, nikiruka salamu, nikitafuta kitenzi. Wote watatu tulidhani wenzetu wamepotea njia.

Ma Echati alikuwa na utaratibu wake. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini hivi, jicho moja likiwa bado na ukungu. Alipofika aliketi, akafungua mkoba, akatoa shiromani, ile nguo nyekundu na nyeupe ya wanawake wa Nzwani, akajitanda. Njiani hakuivaa. Mwaka ule vijana walikuwa wakisimamisha magari na kuwasemesha abiria wasikie lafudhi ya Kinzwani, na shiromani ingewapunguzia kazi. Akishajitanda ndipo husema niko tayari.

"Soma, mwanangu. Anza juu."

"Juu ni salamu tu, Ma Echati."

"Hizo ndizo nazitaka. Habari za siasa nitazipata redioni."

Basi nilisoma. Shangazi Fatima anakusalimu. Ba Soilihi anakusalimu. Majirani wa mlango wa juu wanakusalimu. Na mimi mwanao Rahima nakusalimu sana, na aliye tumboni anakusalimu. Kila jina aliliitikia, kwa sauti, kama mwenyewe amesimama mlangoni. Rahima alikuwa mtoto wake wa pekee, na mimba ile ilikuwa ya kwanza kufika mbali namna hiyo. Hospitali ya Mutsamudu ilikuwa ikiishiwa na dawa kwa sababu ya meli kuzuiwa. Sisi sote katika chumba kile tulijua kwamba mama huyu hakuwa akisubiri barua. Alikuwa akisubiri kujua kama binti yake atajifungua salama, naye hayupo.

"Ma Echati," Bwana Msaidie alipiga kelele kutoka kwenye ngazi, "salamu hizo zinakula simu yangu!"

"Muongo wewe. Kijana wako kaniambia simu ikishapokea inakatwa. Hapa zinakula macho yake tu."

"Basi angalau zipunguzwe!"

"Nimpunguze nani? Taja jina."

Sharti lake la pili ndilo lililotutesa. Hakufungua barua mpya kabla hajajibu iliyotangulia. Na kujibu hakukuwa mistari miwili. Alisema, nikaandika, nikamsomea, akarekebisha, akataka dua iandikwe kwa Kiarabu, nikamweleza kwamba mashine haijui Kiarabu, akashangaa mashine gani hiyo, tukaandika dua kwa herufi za Kifaransa. Kisha akavua shiromani, akaikunja, akaondoka. Moja kwa siku moja. Nyingine ingesubiri atakaporudi.

Ikaja siku Nassuri alipotuma tatu kwa pamoja, kwa kuwa boti ilikuwa imechelewa na barua zimelundikana kwake. Zilikaa kwenye kioo kwa herufi nzito, zikisubiri kufunguliwa, na kila moja ilikuwa na kichwa kilekile, kwani Nassuri hakuwahi kuandika kichwa kingine: Salamu, Salamu, Salamu. Kwa nje hazikusema lolote. Ma Echati alifungua ya kwanza. Mimi Rahima nakusalimu, aliye tumboni anakusalimu. Akajibu, akaenda zake. Aliporudi alifungua ya pili. Miguu ya Rahima imevimba, daktari amemwambia alale asifanye kazi, dawa fulani haipatikani mji mzima. Rahima anakusalimu, aliye tumboni anakusalimu. Ma Echati alijibu kwa urefu kuliko siku zote. Ya tatu ilikuwa palepale, kidole changu kikiwa juu ya kitufe.

Bwana Msaidie alikuwa amekuja kusimama nyuma yetu. "Fungua ya mwisho, mama. Ujue."

"Leo nimeshajibu."

"Huyu binti yako ni mgonjwa! Habari yake iko hapo, unaiona, mkono wa kijana huu hapa. Fungua!"

Alimgeukia. Hakuwa na hasira. "Nikijua, nitafanya nini? Una meli?"

Bwana Msaidie aliagiza shehena kutoka Dubai, alijua wakuu wa forodha kwa majina ya utotoni. Alishuka dukani, na kwa muda tulimsikia akiwagombeza wabeba mizigo kwa kosa ambalo hawakuwa wamelifanya.

Ya tatu aliifungua baada ya sala ya Ijumaa. Shangazi Fatima anakusalimu. Ba Soilihi anakusalimu. Majirani wa mlango wa juu wanakusalimu. Baada ya hapo zikaja habari za mvua, za karafuu zilizooza kwenye maghala kwa kukosa meli, na mwisho: sote ni wazima, tunaomba dua zako. Nilifikia mwisho kabla sijatambua kwamba Ma Echati ameacha kuitikia.

"Rudia salamu."

Nilirudia.

"Rudia tena, polepole."

Nilirudia polepole. Hakukuwa na la kuongeza. Alinyoosha mkono akagusa kioo kwa kidole, chini ya majirani wa mlango wa juu, mahali palipokuwa na nafasi nyeupe kabla ya habari za mvua. Kisha akavua shiromani, akaikunja, akaitia mkobani. Siku hiyo hakujibu barua.

Tulibishana alipoondoka. Bwana Msaidie alisema ni uvivu wa Nassuri tu, anaandika kwa kuibia saa za kazi, amechoka na majina, amekata. Mwalimu Toihiri, aliyekuwa akisubiri karatasi yake, alisema kwao mtu haachwi kwenye salamu kwa uvivu. Nilimwandikia Nassuri kwenye barua ya biashara, swali moja chini ya idadi ya mifuko: Rahima hajambo? Jibu lilipokuja lilikuwa fupi. Wote wazima. Nilikwenda kumpelekea Ma Echati karatasi hiyo mimi mwenyewe, nikitembea haraka, nikiwa na hakika kwamba nimemaliza jambo.

Alikuwa amepanga chumba nyuma ya msikiti, kwenye nyumba ya mwanamke wa Kingazija. Mama yangu alikuwa amenipa mataba, kisamvu kilichopikwa kwa nazi, nimpelekee. Nikiwa bado uani nilimsikia mwenye nyumba akizungumza na jirani yake huku wakimenya shelisheli.

"Mnzwani wangu huyu hali, hasemi. Nadhani amefiwa."

"Amefiwa na nani?"

"Hajaambiwa."

"Basi hajafiwa."

"Sasa mimi niende kumpa pole au nisiende?"

"Utampa pole ya nini? Ukienda utakuwa umemuua mtoto wa watu."

Ma Echati alisoma karatasi yangu kwa jicho lake zima, akaniuliza, "Kama kungekuwa na jambo, wewe ungekuwa Nassuri, ungeandika nini?" Ningeandika wote wazima. Kila mtu niliyemjua angeandika wote wazima, na kisha angetafuta mzee wa kuja kulisema kwa mdomo, na mzee huyo hakuwa na meli. Nilikaa pale ukingoni mwa kitanda, mataba yakipoa kati yetu. Yule jirani wa uani alikuwa na haki. Ma Echati hakuweza kulia kwa sababu hakuna aliyemwambia alie, na hakuweza kuacha kuhuzunika.

Hakuja tena ofisini. Barua ziliendelea kufika, kila moja na kichwa chake, Salamu, kwa herufi nzito, nami nilizihamishia kwenye faili lenye jina lake bila kuzifungua. Nilizitazama kila asubuhi. Jibu la swali lililokuwa likimla mtu akiwa hai lilikuwa pengine ndani ya mojawapo, hatua chache kutoka chumbani kwake, na mwenyewe hataki. Nilimwomba. Mwalimu Toihiri alimwomba. Alisema tu, "Zipo? Basi ziache ziwepo."

Aliyevunja sharti ni mwenye kuliweka. Nilirudi kutoka forodhani nikamkuta Bwana Msaidie ameketi kwenye kiti changu, jasho linamtoka, kitambaa cha mkewe begani. "Nimefungua moja," alisema. "Dhambi yangu mwenyewe. Tazama! Tazama hapa!" Ilikuwapo. Na mimi Rahima nakusalimu. Hatukungoja. Tulichapisha, tukaenda sote wawili, yeye akitangulia kwa tumbo lake kubwa akiwasukuma watu sokoni.

Ma Echati alisikiliza. "Kaandika nani?"

"Rahima! Si unaona?"

"Kaandika nani kwenye mashine?"

"Nassuri."

"Bwana Msaidie, Mungu akulipe. Ingekuwa karatasi yenyewe ningemjua kwa mkono wake. Mashine hii inaandika majina ya watu sawasawa, walio hai na wasiokuwepo." Aliirudisha karatasi. Tulikuwa tumekwisha kugeuka alipouliza, "Na hapo anasalimu peke yake?"

"Peke yake, ndiyo," alisema Bwana Msaidie. "Si ndiye unayemtaka?"

Tulirudi dukani. Kwa miaka mingi nilidhani swali lile lilikuwa la mtu aliyechanganyikiwa.

Mambo ya mjini yalizidi kuharibika, hata ikawa Mnzwani kubaki Moroni ni hatari, na meli ikaruhusiwa kuwarudisha kwao. Mwalimu Toihiri alikwenda na chaki zake. Ma Echati alipanda ngazi zetu asubuhi ya kuondoka, akaketi, akatoa shiromani. Nilikimbilia faili lake lenye zile barua zisizofunguliwa. Alinizuia. Alitaka ile ya kwanza, katika zile tatu zilizokuja pamoja. Niliisoma kuanzia juu. Aliitikia kwa Shangazi Fatima, kwa Ba Soilihi, kwa majirani. Nilisoma: na mimi mwanao Rahima nakusalimu sana. Akaitikia. Na aliye tumboni anakusalimu. Aliitikia hiyo pia, kwa sauti ileile ya kumjibu mtu mzima. Nilimbebea mkoba hadi bandarini. Meli ilikuwa imetia nanga mbali, watu wakipelekwa kwa mashua, na askari mmoja alipomwona amevaa shiromani waziwazi alisema maneno ambayo sitayaandika. Ma Echati alimpita.

Nilikuja kupata hakika simu ziliporudishwa. Rahima yu hai, nasi hatukuuliza zaidi. Bwana Msaidie alichinja mbuzi, na kuanzia siku hiyo hadi alipokufa hakuacha kumtania Nassuri kwa uvivu wake uliomfanya mama wa watu azike mtoto aliye hai. Nami nilipojifunza kupanga barua zangu, kuzisoma zote, kuzijibu siku hiyohiyo, nilikuwa nikijenga ukuta dhidi ya mwaka ule. Niliona dawa ni haraka.

Nyumba ya Ma Echati iko ndani ya mji wa zamani wa Mutsamudu, kwenye vichochoro ambavyo watu wawili hawapishani bila mmoja kugeuka ubavu. Nilifika siku ya tatu ya matanga. Wanaume tulisoma hitima, tukala wali na nyama, na alasiri Rahima aliniita barazani. Ana mvi sasa. Simu yake ilikuwa mapajani, na pembeni mwa alama ya barua niliona tarakimu nyingi nyekundu. Sikuweza kujizuia.

"Dada Rahima, zote hizo hujazisoma?"

"Za nini? Naangalia nani kaandika, basi. Nikiona jina najua yupo."

Nilicheka, na kwa sababu ya kucheka nikamkumbusha Nassuri na salamu alizozikata. Yeye hakucheka.

"Nassuri hakukata kitu, kaka yangu. Nilimwambia Ba Soilihi, aliyeandika barua ile, asiniandike. Mtoto tulimzika asubuhi ile. Ningemsalimia mama peke yangu, angeuliza mwenzangu yuko wapi. Nikaona afadhali tukosekane wote wawili."

Watoto walikuwa wakirudisha sinia jikoni. Nilisubiri wapite.

"Na mama alijua?"

"Aliposhuka kwenye meli hakuniuliza. Aliingia chumbani kwangu, akarekebisha shiromani yake, akaketi. Akasema, nimekuja kupokea salamu zenu. Zenu, alisema. Ndipo nikaweza kulia."

Nilimwambia kwamba barua ambazo mama yake hakuzifungua ninazo bado. Nimezihamisha kutoka mashine hadi mashine miaka yote hii, ndani ya faili lenye jina lake, na kama anazitaka nitamtumia. Aliizungushazungusha simu kwa kidole.

"Niliandika mimi, nayajua yaliyomo. Mama hakuzifungua. Ziache hivyohivyo."

Nimerudi Ikoni. Jana jioni nilifagia kisanduku kama kawaida, nikajibu, nikafuta, nikapanga, mpaka kikabaki kitupu. Kisha nikafungua faili la Ma Echati na kulitazama. Zipo, kwa herufi nzito, moja chini ya nyingine. Salamu. Salamu. Salamu. Salamu. Mke wangu aliniita chakula, nikamwitikia, nikazima kompyuta zikiwa hivyohivyo.